Mti Juu ya Bati

Nabwire alinipigia simu asubuhi nikichambua kunde, akaniambia nyumba ya Kukhu imebomolewa. Alianza mbali, kama watu wanavyoanza wakiwa na habari za msiba: mvua ya huko Malaba inaendaje, magoti yangu yanasemaje, wajukuu wamefunga shule au bado. Ndipo akasema tingatinga lilikuja juzi, na kabla ya chakula cha mchana ukuta wa mwisho ulikuwa umelala. Mwenye kiwanja wa sasa anataka pawe uwanja wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Nabwire ni mjukuu wa Mzee Egesa, shemeji yake Kukhu, na hakuwa amezaliwa mwaka ule nilipopanga kwa Kukhu. Kwake ile ilikuwa nyumba kuukuu ya matofali ambayo popo walihamia darini. Aliuliza kama kuna kitu ningependa aniwekee kabla hawajasawazisha upande wa nyuma. Nikamwambia nitampigia baadaye. Niliporudi kwenye kunde zangu niliona nimekuwa nikitupa majani na kuweka mashina sufuriani.

Habari za nyumbani kwetu Amukura nitaziacha, hazina haraka. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nami nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi upande wa Uganda wa Busia, kando ya barabara iendayo Tororo, enzi ambazo mtu alivuka mpaka kununua chumvi na kurudi kabla chai yake haijapoa. Nilitafuta chumba, nikaelekezwa kwa mama mmoja Msamia aliyeishi peke yake katika nyumba kubwa. Watu wote walimwita Kukhu, jina ambalo kwao huitwa mama wa mama au wa baba, nami nikamwita hivyo. Mimi ni Mteso, kwa hiyo tulikutana katika Kiswahili, chake cha sokoni na changu cha darasani. Nyumba niliipenda kabla sijafika mlangoni. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yenye baraza pana mbele na nguzo nene, madirisha marefu ya mbao yasiyojua kioo, na paa la bati lililoshikwa na kutu mpaka likafanana na udongo wa barabara. Katikati ya mgongo wa paa, mahali ambapo hakuna fundi angethubutu kutoboa bati zima, ulichomoza mti mweusi mwembamba, umenyooka kama mtu aliyeitwa jina. Nilidhani ni wa kuzuia radi.

Chumba changu kilikuwa chini ya mti huo. Mvua ikinyesha, maji yaliufuata kwa utulivu, yakapita penye tundu, yakadondoka katika karai lililowekwa sakafuni miaka mingi kabla yangu, hata saruji chini yake ilikuwa na duara jeupe. Siku ya kwanza nilitaka kulisogeza ili meza yangu ikae penye mwanga. Kukhu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha uji. "Hiyo karai iko kwa nyumba yake," alisema. "Wewe sukuma meza." Nikasukuma meza. Mwaka wote niliandika nikiwa nimekaa upande, na mpaka leo nikiandika huwa nageuza kiti kidogo kana kwamba kuna maji yanayoanguka kulia kwangu.

Nilikuwa mwandishi, yaani nilikuwa nimeamua, na katika umri ule kuamua kulinitosha. Nilitaka kuandika mapenzi ya zamani, ya watu waliopendana kabla ya lami na reli, na nyumba ile ilinipa kila nilichokosa. Sikuhitaji kuulizauliza. Wanawake waliokuja barazani kwa Kukhu kubambua karanga walizungumza kana kwamba mimi ni moja ya nguzo, na kwa vipande vyao nikaunga habari. Mwenye nyumba aliitwa Wandera. Alijifunza uashi kwa Mhindi aliyekuwa akijenga kinu cha pamba, na kazi ilipokwisha alipewa bati badala ya ujira. Akajenga nyumba kwa ajili ya msichana aliyekuwa hajamaliza kumposa. Baba yake alikuja kuitazama, akazunguka, akasema nyumba isiyo na mti kileleni ni nyumba isiyo na mwanamume. Nyumba za nyasi zote zilikuwa nao. Basi Wandera akapanda juu na kulitoboa bati lake jipya kwa mkono wake mwenyewe. Akamwoa msichana huyo, ndiye Kukhu, na muda mfupi baadaye, kabla mvua hazijaanza, alichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita vya Wajerumani. Hakurudi, wala hakuna aliyerudi na neno lake. Hakuwahi kuona nyumba yake inavyovuja.

Desturi ya kwao ni kwamba mwenye mji akifa, mti ule hushushwa. Mti wa Wandera ulikuwa bado juu. Kwa hiyo Kukhu, aliyekuwa na meno machache na mgongo uliopinda kama mundu, hakuwa mjane. Alikuwa mke wa mtu aliyesafiri. Hakuwahi kunyoa nywele za msiba, na hakuna ndugu wa mume aliyeweza kumrithi, kwa sababu huwezi kurithi mke wa mtu aliye hai.

Aliyekuwa na haki ya kumrithi ni Mzee Egesa, mdogo wake Wandera, aliyekaa ng'ambo ya shamba la muhogo. Alikuja kila Jumapili baada ya kanisa, na koti lake la kahawia na mguu wake uliovimba, akakaa barazani kunywa chai. Mazungumzo yao ya mwanzo hayakubadilika. Aliuliza kama mti bado umesimama, Kukhu akajibu umesimama. Aliuliza kama bwana yake hajaandika barua, Kukhu akajibu kwamba anatafuta kalamu. Wote wawili wakacheka, chai ikamiminwa. Nilidhani ni mzaha wa shemeji tu, mpaka nikagundua kwamba baada ya kicheko Egesa huitazama ncha ya kile kijiti juu ya paa, jicho moja limefumbwa kwa ajili ya jua.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Tororo. Huko, nyuma ya duka la fundi cherehani, tulikutana vijana wachache tulioandika. Mkubwa wetu alikuwa Owori, karani wa kiwanda cha saruji, mtu mwembamba ambaye koti lake lilikuwa na vumbi jeupe mabegani hata siku za mapumziko. Yeye na wenzake waliandika mashairi ya ukombozi kwa Kiingereza. Mimi waliniita Mama Mapenzi. Owori alisema wapenzi wangu wanazungumza Kiswahili cha redio. Nikamwambia ni afadhali kuliko mashujaa wake wanaozungumza Kiingereza cha padri. Hata hivyo ni yeye aliyepiga taipu sura zangu baada ya kazi, bila kuniomba chochote ila nisimwambie mtu kwamba sura ya mto ilimtoa machozi. Na ni yeye aliyezipeleka kwa mchapishaji mmoja wa Nairobi, akajibiwa kwamba kitabu kitachukuliwa iwapo kitapata mwisho wa furaha kabla ya Krismasi. Wasomaji, aliandika bwana yule, hawataki kulipa nauli ya huzuni.

Nilifurahi, maana nilikuwa na mwisho huo tayari. Shujaa wangu, Makokha, alikuwa mrefu kama mlango na mabega yake yalikuwa na habari zao peke yake. Aliondoka kwenda vitani. Mkewe Naliaka akamngojea katika nyumba yenye baraza. Nilikuwa nikimsomea Kukhu kila sura ilipokamilika, alasiri, yeye akipepeta wimbi katika ungo, uso ukielekea barabarani. Alinirekebisha mambo ya chakula tu. Nilipoandika kwamba siku ya kuagana walichinja kuku, alitikisa kichwa akasema siku hiyo hapakuwa na kuku. Walikula ugali wa muhogo na samaki mdogo wa Majanji, kule ziwani, tena mchanga ulikuwa umebaki ndani, na Wandera akatafuna hivyo hivyo bila kusema kitu. Kuhusu Makokha mwenyewe hakusema neno. Nilichukua ukimya ule kuwa sifa.

Mwezi wa Oktoba mguu wa Egesa ulichafuka. Jumapili moja aliletwa na mwanawe juu ya baiskeli, amekaa kwenye kiti cha nyuma kama gunia, na safari hiyo hakuuliza habari za barua. Mimi nilikuwa ndani, dirisha wazi, nikajifanya nasahihisha daftari za wanafunzi. Alizungumza muda mrefu. Alisema mdogo hawezi kuliliwa kabla ya mkubwa, kwamba akifa yeye watu watapiga ngoma, wataimba, watakula, na kaka yake hajawahi kupata hata kilio kimoja. Alisema anataka Wandera azikwe kwa mgomba. Hii pia ni desturi yao: mtu akipotea bila mwili, huchukuliwa shina la mgomba, likavikwa shuka, likalazwa kaburini, na watu wakalia kama wanavyomlilia mtu. Baada ya hapo mti wa paa ungeshuka. Kukhu alimwambia mguu ndio unaongea.

"Mguu haiongei," Egesa alisema. "Mimi naenda kufika kule, shemeji. Wandera ataniuliza, wewe umezikwa na watu, mimi uliniacha kwa njia? Nitamjibu nini?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini, kisha baiskeli ikisukumwa. Juma lile lote Kukhu alipika bila chumvi na hakuonekana kugundua. Nami, kijana na moto wangu, nikaona nina dawa. Nilikuwa nimemaliza sura ya mwisho. Niliamini kabisa kwamba akisikia mwanamume akirudi, hata kitabuni, atapata nguvu ya kuushikilia mti wake.

Nikamsomea Ijumaa, mvua ikitishia. Makokha anafika na mvua. Naliaka anaangusha chungu. Makokha anapanda baraza kwa hatua moja, anamwinua, na miaka yote inamwagika chini pamoja na yale maji. Nilisoma vizuri. Sauti yangu ilitetemeka palipostahili. Nilipoinua macho, Kukhu alikuwa ameacha kupepeta.

"Huyo Naliaka bado msichana?" aliuliza.

Nikasema ndiyo, bado kijana, vita havikuchukua muda mrefu. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea bei asiyoiweza.

"Yangu pia bado kijana," alisema. "Huko aliko, hajazeeka hata siku moja. Sasa akitoka kwa hiyo barabara leo, Mwalimu, atafika hapa, ataniona. Atasema, mama, habari ya hapa. Mke wangu iko wapi?"

Alisema hivyo bila kulia, akainua ungo, akapuliza makapi. Nilikaa na karatasi zangu mapajani. Mvua ilianza, na ndani ya chumba changu nikasikia tone la kwanza likigonga karai. Nimeandika vitabu kadhaa tangu siku ile, na wakosoaji wamesema mengi kuvihusu, lakini hakuna aliyewahi kunionyesha kosa langu kwa maneno machache kama yale. Nilikuwa nimemngojesha mwanamke kwa kurasa mia mbili bila kumruhusu kuzeeka.

Kesho yake asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akavuka shamba la muhogo, akamwambia shemeji yake wachimbe.

Walikuja Jumatatu, wanaume wa ukoo na majembe, Egesa amekalishwa kwenye kiti cha mbao karibu na jiko. Migomba ilikuwa nyuma ya nyumba, kizazi baada ya kizazi cha ule mmoja alioupanda Wandera mwaka wa kujenga. Egesa alinyoosha fimbo yake kwenye ule mkubwa kuliko yote. Alisema kaka yake alikuwa mtu mrefu, mrefu sana, akiingia ndani lazima ainame. Vijana wakaanza kupima wapi pa kukata. Kukhu akapita katikati yao, akauacha ule mkubwa, akaenda kusimama kando ya mwingine wa wastani. Akaegemeza mgongo wake kwenye shina, akajinyoosha kadiri mgongo ulivyokubali, kisha akainua kiganja na kukiweka kwenye nyusi zake.

"Hapa," alisema.

Wanaume walicheka. Egesa hakucheka. Alisema shemeji anamdhulumu marehemu, kwamba yeye mwenyewe alibebwa mabegani na Wandera akaona paa za nyumba kutoka juu.

"Wewe ulikuwa mtoto. Kwa mtoto kila mtu mrefu," Kukhu alimwambia. "Mimi nililala na yeye. Wewe ulilala na yeye?"

Kicheko kilipasuka hata Egesa akafunika uso kwa kofia. Kukhu alibaki pale kando ya shina, kiganja bado kiko kwenye nyusi, na kwa kitambo kidogo hakuwa akituonyesha kipimo tena. Alikuwa amesimama na mtu. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa mlangoni pa jiko na birika la chai. "Na hiyo yako ya kitabu," alisema, "punguza."

Kijana mmoja aliinua panga ili aliangushe shina. Kukhu alimzuia, akataka wasikate. Wachimbe chini, watoe na kitako chake na mizizi. Vijana walilalamika kwamba ni kazi bure, mgomba ni mgomba. Akawaambia kwamba mtu anazikwa na miguu yake. Walichimba, wakaung'oa mzima, wakakata majani juu kwa kipimo cha kiganja, wakauvika shuka nyeupe na kuulaza katika kaburi ambalo, kwa uchovu wa kuchimba mara mbili, halikuwa refu kwenda chini. Egesa alilia kama mtoto yule aliyebebwa mabegani. Alilia kwa jina, kwa majina ya utani, kwa habari za ng'ombe waliochunga. Kukhu alikaa kwenye mkeka na wanawake, nywele zake zimenyolewa, kichwa kidogo kama cha ndege, na hakulia. Jioni fundi alipanda, akauchomoa ule mti, akaziba tundu kwa kipande cha bati na lami. Kukhu aliomba apewe mti wenyewe, akauegemeza ukutani nyuma ya jiko.

Nilikaa siku nyingi bila kuandika. Mvua zilinyesha na meza yangu ilikuwa kavu, lakini Kukhu hakuliondoa karai, nami sikuisogeza meza. Nilikosa lile tone. Nilikuwa nimejifunza kupima sentensi zangu kwalo. Baadaye nikamfupisha Makokha mpaka akafika kwenye nyusi za mkewe. Nilimpa meno yenye nafasi na tabia ya kutafuna mchanga bila kulalamika. Nikampa Naliaka miaka yake yote. Sura ya kurudi niliitoa, na sikuweka kifo mahali pake; kitabu kiliishia kwa mwanamke anayepepeta wimbi, uso barabarani. Owori alipokipiga taipu alisimama katikati akaniuliza kama kweli nimeweka mwanamume mfupi katika riwaya ya mapenzi, kisha akaendelea bila kungoja jibu. Bwana wa Nairobi alinuna, Krismasi ikapita, na kitabu kilitoka baadaye sana kwa mwingine.

Mwanzoni mwa mvua za Machi nilienda nyuma kumwaga maji ya kuoshea vyombo, nikaona katikati ya lile tuta lisilo na msalaba pembe ya kijani imetoboa udongo. Nilisimama na beseni mkononi. Nilikumbuka mizizi, kaburi fupi, uso wake alipokuwa akizuia panga. Nilipogeuka alikuwa dirishani pa jiko, akinitazama, na hakuonekana mtu wa kushangaa hata kidogo.

Egesa aliuona Jumapili iliyofuata. Mguu ulikuwa umemwachia nafasi, alitembea kwa fimbo. Aliuzunguka mche ule, akaugusa kwa ncha ya fimbo, akaja barazani akakaa. Chai ilimiminwa. Baada ya muda alisema, "Shemeji, umenichezea. Basi mimi nililia bure?"

"Wewe ulilia ndugu yako," Kukhu alisema. "Hiyo iko sawa, ilikuwa haki yake, na yako. Bwana yangu niachie mimi."

Egesa alifikiria hayo mpaka chai ikafanya utando. Kisha akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena, akauliza kama bwana yake hajaandika barua.

Nilihamishwa mwaka uliofuata. Asubuhi ya kuondoka nilipita nyuma kuaga. Mgomba ulikuwa umeshika mkungu mzito, umeinama, na Kukhu alikuwa ameuegemeza kwa ule mti mweusi wa paa, umekitwa ardhini kwenye tuta, umenyooka tena. Alinipa ndizi za safari zilizofungwa kwenye jani. Sikumwona tena. Egesa alikufa kabla yake, akaliliwa sawasawa. Naye Kukhu walimzika upande wa kina Egesa, shambani kwa muhogo, kwa sababu waliobaki hawakujua mahali pengine pa kumweka.

Nimempigia Nabwire mchana huu. Nilimuuliza huko nyuma ya jiko bado kuna nini. Akasema hakuna kitu, Mwalimu, migomba tu, ya zamani, hakuna ajuaye nani aliipanda; kesho tingatinga linarudi. Nilimweleza ni ya nani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba anaenda sasa hivi, atanikatia mkungu mmoja aupakie kwenye gari la jioni.

Nikamwambia asikate. Achimbe mgomba mzima, na miguu yake.